Kwa mpwa wangu, kuhusu namba 2147483647

Mpwa wangu,

Umeniuliza imekuwaje karibu wanachama wote wa kikundi chenu cha kuweka na kukopa wawe na namba moja ya simu, 2147483647. Hakuna aliyewadukua. Uliingiza simu zao kwa kuanzia na 255, ukaiambia kanzidata kwamba safu ile ni ya namba kamili, na namba kamili za kawaida za kompyuta zinakomea hapo. Kinachozidi hushushwa hadi kwenye kikomo, na mfumo wenu umefanya hivyo kimyakimya. Ibadilishe safu iwe ya maandishi. Simu si kitu cha kujumlisha. Zilizokwisha kuharibika hazirudi, kwa hiyo mwombe mhazini daftari lake uanze upya.

Hayo ndiyo ya kazi. Ila namba yenyewe ina heshima zake, nisingependa uifute kama takataka.

Kompyuta imeitengea biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Moja inabeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na zote zikiwa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kikomo hicho kingeweza kuwa namba yoyote ya ovyo, kumbe ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Bahati tu! Kikomo cha biti 16 ni 32767, yaani 7 × 31 × 151, na kile cha biti 64 nacho kinagawanyika kwa 7. Kipeo kikiwa na vigawo, kama 15 au 63, namba nzima huvunjika. Kipeo kuwa tasa nako hakutoshi: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 × 89.

Kwa hiyo ilibidi mtu akae aigawe. Aliyekaa ni mwanahisabati Leonhard Euler, huko St Petersburg, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa. Kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46341, na kujaribu kila tasa hadi hapo ni maelfu ya kugawanya. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Majaribio yakashuka hadi yasiyozidi 372, na hakuna hata moja lililokubali. Hapo namvulia kofia.

Izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 30, unapata 2305843008139952128, namba kamilifu: jumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, jibu ni yenyewe tena. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana kamilifu kubwa kuliko hiyo, maana hazina faida, nani atahangaika? Walihangaika. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni tasa, nayo huzaa kamilifu yake vivyo hivyo, na Oktoba 2024 ikatangazwa nyingine ya ukoo huohuo yenye tarakimu 41,024,320.

Jambo moja tena. Jumanne ya 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, mashine zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 zitafika kwenye kikomo hichohicho, na sekunde inayofuata zitadhani ni Desemba 1901. Kama kompyuta ya kikundi ni ile niliyoiona ofisini kwenu, anzeni kuichangia mbadala mapema.

Mjomba wako