Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Ndege za Japani

Ndugu wanachama wenzangu,

Nawasalimu nyote, mlioko hapa ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa Nairobi, Mwanza, Unguja na Muscat. Naomba kwanza tusimame kwa dakika moja kumkumbuka mzee wetu, fundi wa injini, tuliyemzika Agosti. Habari zake nitazirudia mbele, kwa sababu zimeshikana na kazi yetu ya mwaka 2025 kuliko nilivyotarajia.

Mtakumbuka mkutano mkuu uliopita tulivutana sana kuhusu mada ya mwaka, yaani nchi ambayo ndege zake tutazisoma. Wengi walitaka Brazil, kwa sababu ndege zao za Embraer tunaziona kila siku, na mimi mwenyewe nilinyoosha mkono upande huo. Aliyetugeuza ni fundi kijana aliyesimama mstari wa nyuma akauliza, "Wazee wangu, shikamooni. Hili bawa la Dreamliner tunalolimulika tochi usiku, limetengenezwa wapi?" Karibu nusu ya ukumbi ikajibu Marekani. Akasema hapana, limetoka Nagoya.

Na ni kweli. Mabawa ya Boeing 787, ndiyo hiyo Dreamliner, hutengenezwa na Mitsubishi Heavy Industries huko Nagoya, kwa nyuzi za kaboni za kampuni ya Toray. Ndivyo yalivyo ya ile ya kwanza ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Julai 2018, na ndivyo yalivyo ya zile ambazo Kenya Airways walianza kuzipokea 2014. Kawasaki wanatengeneza sehemu ya mwili wa mbele, na Subaru wanatengeneza sanduku la katikati linaloyashika mabawa mawili. Kwa jumla Wajapani wana takriban asilimia 35 ya kiunzi cha ndege hiyo. Bawa likikamilika huingizwa kwenye tumbo la Dreamlifter, ile 747 iliyotanuliwa mwili kwa kazi hiyo, likavuka Pasifiki kwenda kuunganishwa.

Basi swali la kijana likazaa swali la mwaka mzima. Watu wanaojua kutengeneza bawa gumu namna hiyo, kwa nini hadi leo hawana ndege yao wenyewe ya abiria sokoni?

Kikao cha Machi tulianzia mbali. Mwaka 1939 Mitsubishi walipomaliza ndege ya kwanza ya kivita ya aina ya Zero, kiwanda chao cha Nagoya hakikuwa na uwanja wa kurushia. Wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikasafirishwa polepole hadi uwanja wa Kakamigahara, karibu kilomita 48. Lori lingefika mapema zaidi, lakini barabara ilikuwa mbovu na lori lingeitikisa ndege. Ng'ombe hatikisi mzigo. Tarehe 1 Aprili ikaruka, na baadaye zikatengenezwa zaidi ya 10,000. Nilisema kikaoni na narudia hapa: babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma dhidi ya jeshi la Japani, na hadi anafariki hakutaka kuulizwa habari za huko. Ufundi wa ndege ile tunausoma, lakini ilijengwa kuua na iliua, na hilo halifutiki.

Baada ya kushindwa mwaka 1945, Japani ilipigwa marufuku kutengeneza ndege, kuzibuni, hata kuzifanyia utafiti. Marufuku ikaondoka 1952. Katika miaka saba hiyo wenzao walikuwa wanahama kutoka pangaboi kwenda jeti. Mafundi na wahandisi waliozoea ndege wakatawanyika kwenye magari, matreni na mashine za viwandani.

Walipoamua kurudi, wakawaita wazee. Mwaka 1957 kazi ya kubuni ndege ya abiria ilianza na watu ambao majina yao kila mhandisi wa Japani aliyajua: Horikoshi Jiro aliyebuni Zero, Ota Minoru, Kikuhara Shizuo, Doi Takeo na profesa Kimura Hidemasa. Ndege ikaitwa YS-11, ya injini mbili za pangaboi za Rolls-Royce Dart na abiria kama 60. Ikaruka mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1962.

Haikuruka vizuri. Ilitikisika, na haikutulia ilipoegemea upande mmoja. Walichofanya kilitufurahisha sana mafundi tuliokuwa kikaoni: waliingiza kabari kwenye shina la bawa, mabawa yakainuka kwa digrii 2 zaidi, na ndege ikatulia. Septemba 1964 YS-11 ikabeba mwenge wa Olimpiki kutoka Okinawa. Mwaka uliofuata ikapata kibali cha mamlaka ya anga ya Marekani, na kampuni ya Piedmont ya huko ikazinunua, sawa na Olympic ya Ugiriki na Cruzeiro ya Brazil. Zilitengenezwa 182.

Kilichoiangusha ni hesabu. Iliuzwa kwa bei isiyorudisha gharama, malipo yakawa kwa dola, na mwaka 1971 yeni ilipopanda, kila dola iliyoingia ikapungua thamani. Hasara ikafika takriban yeni bilioni 36, uzalishaji ukakoma mapema miaka ya 70 na kampuni iliyoundwa kuitengeneza ikavunjwa. Ndege zenyewe zilidumu. Safari ya mwisho ya abiria ya YS-11 ndani ya Japani ilikuwa Septemba 2006.

Upande wa jeshi kazi haikukatika, na hapa wanachama waligawanyika kweli. Wengine walisema ndege za jeshi ndizo zilizoilinda taaluma, wengine wakasema ndizo zilizoidanganya. Mimi nadhani yote mawili ni kweli.

Tazameni F-2, iliyoanza kama F-16 ya Marekani na kuishia ndege nyingine kabisa, ikaruka 1995. Bawa lake la nyuzi za kaboni liliokwa kwa pamoja likiwa na mbavu zake ndani, na ujuzi huo ndio uliokuja kuzaa bawa la 787. Lakini zilitengenezwa 98 tu pamoja na za majaribio, kwa takriban yeni bilioni 12 kila moja. Kawasaki wakatengeneza P-1 ya doria ya baharini, iliyoruka 2007 ikiwa na injini nne za kampuni ya IHI ya hukohuko Japani na amri za rubani zinazosafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Wakatengeneza pia C-2 ya mizigo, iliyoruka 2010. Ndege hizo mbili zilibuniwa pamoja ili zishirikiane baadhi ya vipuri.

Iliyotuteka kuliko zote ni US-2 ya ShinMaywa, ndege inayotua baharini penye mawimbi ya mita 3. Mwenzetu wa injini alitumia saa nzima ubaoni kueleza: injini nne zinazungusha pangaboi, na ya tano, ndogo, imefichwa mgongoni. Kazi yake hiyo ya tano ni kusukuma hewa tu juu ya mabawa na mkia ili ndege ibaki hewani ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, mwendo wa basi. Juni 2013 iliwaokoa mabaharia wawili ambao mashua yao ilizama Pasifiki, kama kilomita 1,200 kutoka pwani.

Kwa hiyo mikono ilikuwepo. Sasa nieleze ilivyokuwa kwa MRJ, jeti ya abiria ya Mitsubishi, ambayo tuliipa vikao vitatu na ingestahili zaidi.

Mwaka 2008 shirika la ndege la Japani la ANA liliagiza 25, kumi kati yake zikiwa za hiari, na ahadi ilikuwa ya kwanza ikabidhiwe 2013. Bawa lilipangwa liwe la kaboni, mwaka uliofuata wakarudi kwenye aluminiamu. Ahadi ikasogezwa, ikasogezwa tena. Ndege ikaruka tarehe 11 Novemba 2015 pale Nagoya, na picha za siku ile zinaonesha watu wanalia kwa furaha. Agosti 2016 ilipoanza safari ya kwenda Moses Lake, jimbo la Washington, kwa majaribio, iligeuza njiani na kurudi mara mbili kwa hitilafu ya mfumo wa hewa. Ikafika mwishoni mwa Septemba. Mwaka 2019 wakaibadilisha jina ikawa SpaceJet. Oktoba 2020 wakasimamisha kazi, na tarehe 7 Februari 2023 wakaifuta kabisa, baada ya kuahirisha mara sita na kutumia kiasi kinachotajwa kufika yeni trilioni moja. Baadhi ya ndege za majaribio zilikatwakatwa hukohuko Moses Lake.

Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 3,900. Kuruka iliruka. Kilichokosekana ni cheti cha aina, yaani kuithibitishia mamlaka ya anga, karatasi kwa karatasi, kwamba kila kipande kimebuniwa na kupimwa kulingana na kanuni. Mfano mmoja: kanuni zinataka maji yakivuja au mlipuko ukitokea sehemu moja, mifumo ya lazima isizimike yote kwa pamoja. Ndege ilikuwa tayari inaruka ndipo ikaonekana kwamba vifaa vya umeme vinapaswa kuhamishwa na nyaya kupitishwa upya. Mabadiliko ya muundo yakazidi 900. Juu ya hapo, mikataba ya marubani wa Marekani inazuia kampuni ndogo kurusha ndege ya zaidi ya viti 76 au ya uzito unaozidi kama tani 39. MRJ90, toleo kubwa la ndege hiyo, ilizidi, na matumaini kwamba kikomo kitalegezwa hayakutimia.

Kati ya cheti cha YS-11 na siku MRJ ilipoanzishwa ilipita zaidi ya miaka 40. Waliopitia mlango ule mara ya kwanza walikuwa wamestaafu au wamekufa, kwenye kampuni na kwenye mamlaka ya nchi pia. Ndege za jeshi hazikuweza kujaza pengo hilo, maana mnunuzi ni serikali na mkaguzi ni serikali hiyohiyo. Na anayetengeneza bawa la Boeing hukabidhi bawa, cheti anakihangaikia Boeing. Mitsubishi wenyewe walikiri kwamba hawakuuelewa vya kutosha ugumu wa kazi ya cheti.

Niliposoma hayo nilikumbuka jambo la ujana wangu. Karakana niliyokuwa siitaji. Tulikuwa na ndege inasubiri pampu ya haidroliki, na pampu ikaja, mpya, inang'aa, nikaifuta mafuta ya hifadhi kwa mikono yangu. Karatasi yake haikuja. Ndege ikakaa chini siku kumi na moja. Nilimfuata fundi mkuu nikamwambia, mzee, si unaiona ni nzima? Akaichukua pampu, akaipima mkononi, akanirudishia. "Mwanangu, bila karatasi hiki ni chuma." Nilikasirika wiki nzima. Mitsubishi walikuwa na ndege nzima ya namna hiyo.

Japani haijakata tamaa. Machi 2024 wizara yao ya viwanda ilitangaza mpango wa ndege mpya ya abiria ifikapo 2035 au baada yake kidogo, safari hii kampuni kadhaa zikishirikiana, kwa takriban yeni trilioni 5 za serikali na sekta binafsi. Na ndege ya kivita ijayo wanaijenga na Uingereza na Italia, makubaliano yalitangazwa Desemba 2022, lengo nalo ni 2035. Wanachama waliouliza kama ushirikiano huo utawapa au utawanyang'anya ujuzi waliuliza vema, na suala hilo libaki mezani.

Sasa habari za mzee wetu. Baada ya kikao cha Juni tuliazimia kurekodi sauti za mafundi wastaafu, kila mmoja aeleze injini alizozifanyia kazi, makosa aliyoyaona, na jinsi alivyojua kwamba kitu si sawa kabla kipimo hakijasema. Tulikwenda kwa wazee wanne. Mmoja alitueleza kwa saa mbili jinsi ya kusikiliza injini ya pangaboi inapozimwa, ukiwa umesimama wapi na mkono umeuweka wapi. Wa tano alikuwa huyu tuliyemzika. Miadi yetu ilikuwa Jumamosi, yeye akafariki Jumatano. Mjane wake alitupa daftari lake, kurasa za kwanza mwandiko ni safi, za mwisho umepindapinda. Kuna alama alizotumia ambazo hakuna hata mmoja wetu anayejua maana yake. Kosa la kuchelewa ni langu. Gari lilikuwepo tangu Julai.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Ada bado zinasuasua kwa walioko mikoani, nawaomba mzimalize kabla ya Machi. Nawashukuru waliotukaribisha majumbani kwa vikao, na hasa akina mama wa Kigamboni waliotulisha bila kutuhesabia.

Kwa mwaka huu kamati inapendekeza tusichague nchi nyingine hadi orodha ya wazee iishe. Wamebaki tisa, watatu wako Arusha. Safari ya kwanza ni Jumamosi ijayo, tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Daftari la marehemu nimelileta, liko meza ya mbele. Aliyewahi kufanya kazi naye zamu moja na alitazame kabla hajaondoka, huenda akazitambua zile alama.

Mwenyekiti