Tumhesabie mtafiti makala, tumhesabie na majibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni. Wiki iliyopita mliandika habari ya mtafiti wetu mmoja wa saratani, mkamsifu kwa wingi wa makala alizochapisha na jinsi zinavyonukuliwa duniani. Nami nampongeza kwa dhati. Kuchapisha ukiwa Dar es Salaam si kazi ndogo, maana yapo majarida yanayomtoza mwandishi maelfu ya dola ili makala yake isomwe bure. Lakini habari nzima ilikuwa ya kuhesabu tu.

Kipimo cha h mlichokitaja kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mwenye alama 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Kinaonesha kwamba wanasayansi wanasomana. Mgonjwa hamo katika hesabu hiyo.

Mchukueni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, na mwaka uliofuata akaandika makala kuhusu uvimbe ule, ambao ni saratani, katika jarida la upasuaji la Uingereza. Hakuishia hapo. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama na wao wamewaona watoto wa namna hiyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwenye gari, wakasafiri takriban kilomita 16,000, kwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita na kwetu Tanganyika, hospitali baada ya hospitali. Mwaka huohuo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alimsikia akitoa mhadhara London. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Nikifundisha habari hii darasani, huwa nakaa sana kwenye vile vipeperushi. Waliovijibu walikuwa watu wa hospitali za bara na za misheni, na nyuma ya kila jibu kulikuwa na mtoto na mzazi wake.

Sidharau makala hata kidogo. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake walitangaza kuwa wamekuta kirusi kiitwacho HPV, aina ya 16, kwenye saratani ya mlango wa kizazi; mwaka uliofuata, aina ya 18. Hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Chanjo ya kirusi hicho ilianza kutolewa nchi nzima hapa kwetu mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Shuleni kwetu wazazi walikuja juu, wakisema mabinti watakuwa wagumba. Aliyewatuliza ni muuguzi wa zahanati. Alichukua chaki, akachora mfuko wa uzazi ubaoni, akaonesha mlango wenyewe uko wapi na kirusi hukaa wapi, akajibu maswali mpaka saa nane mchana. Kwa wazazi wale, utafiti wa mwaka 1983 ulifika siku ile.

Sasa niseme la kwetu nyumbani. Mama yangu aliugua saratani hiyohiyo, na katika hospitali moja hapa jijini aliombwa aingie kwenye utafiti. Fomu alisomewa harakaharaka akiwa kwenye benchi la korido, akaweka dole gumba. Wino wa zambarau ulikaa kwenye ukucha siku mbili. Akatolewa damu na kinyama kidogo, akaambiwa majibu ataletewa. Huu ni mwaka wa sita. Mwaka jana niliitafuta makala yenyewe kwa jina la utafiti lililo kwenye fomu. Ipo, kwa Kiingereza, na ni ya kulipia. Nilichopata bure ni muhtasari. Nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo na mimi nimo kwenye hao?"

Nilishindwa kumjibu, na bado inaniuma.

Kurasa mbili za Kiswahili, zikibandikwa ukutani kwenye kliniki ileile waliyotolewa damu, zingetosha kabisa. Vyuo vinapompandisha mtafiti cheo kwa makala zake, vimdai na kurasa hizo. Nanyi waandishi, mkienda tena kumhoji mtafiti, muulizeni walioshiriki wameambiwa nini, na kwa lugha gani.

Na kama aliyeongoza utafiti ule anasoma gazeti hili, mama yupo. Nakala ya fomu ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki, namba yake ya ushiriki inasomeka vizuri, na simu yake ni ileile.

Mwalimu wa Baiolojia,
Mbagala, Dar es Salaam