Njoo utembee, mdogo wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Nilipokuambia uje kutembea ulinijibu, "Kuna nini huko?" Hilo swali limenikaa moyoni, ndiyo maana nakuandikia.

Hakuna kitu. Hakuna msiba, hakuna kikao cha harusi, hakuna shamba linalogawanywa. Nimekuita kutembea, na kwa watu waliotulea hiyo ilikuwa sababu tosha. Shangazi alikuwa akitokea na ndizi zake kichwani, ukimuuliza anasema, "Nimekuja kutembea tu," basi sufuria inaongezwa maji. Hakuna aliyemuuliza anaondoka lini.

Neno hili limebeba mengi. Mtoto akiacha kutambaa, ametembea. Aliyeona miji mingi tunasema ametembea huyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na safari ile nzito iliitwa matembezi, kama tunavyoita matembezi ya jioni ya kunyoosha miguu. Muuza vitumbua anatembeza, mwenye shida anatembeza bakuli. Na unajua mwenyewe: jirani akimtembelea mke wa mtu anayeumwa, ni wema, ikisemwa anatembea naye, kikao cha wazee kinaitishwa.

Katika yote hayo mimi naililia moja: kutembeleana. Hiyo haifanywi na mtu mmoja. Siku hizi ukoo wetu unakutana makaburini. Tunashikana mikono, tunasema "tusipoteane jamani", michango inasomwa, kila mtu anawahi basi. Watoto wako na wangu wamejuana kwenye msiba wa babu, wakiwa wamekatazwa kucheza. Mimi hilo linaniuma sana. Simu haijalimaliza, maana kwenye simu tunaambiana habari tu, na mambo mengine huwezi kuyasema mpaka mmekaa barazani mkichambua mboga, mazungumzo yakaishiwa, mkanyamaza, ndipo mmoja akafungua moyo.

Njoo Desemba, plamsi zimeiva na watoto wamefunga shule. Ukifika Mombo, panda gari za Lushoto ushuke Soni. Wape watoto masweta, baridi ya huku hawaijui. Usibebe mchele wala sukari. Chumba cha nyuma nimeshakipaka chokaa.

Dada yako