Kiangazi cha Uingereza si kiangazi chetu

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu, na hili likiwamo, huiita miezi ya Juni, Julai na Agosti ya Uingereza "kiangazi". Tunaomba neno hilo litumike kwa uangalifu. Kwa msomaji wa Dodoma lina maana moja tu: mvua imekatika, majani yamekauka, na hadi Novemba hakuna anayehangaika kutazama mawingu. Mzazi wa mtaa wa Kisasa au Nzuguni, hapa Dodoma, aliyealikwa na mwanawe kule Reading au Leicester akisikia ni kiangazi, anafungasha vitenge, makubazi na mashati ya mikono mifupi. Siku ya pili yuko dirishani anaangalia rasharasha isiyokoma, koti hana, na mwenyeji wake yuko kazini. Wiki tatu za matembezi zinageuka kifungo cha sebuleni. Sisi tunaowaandalia wazee safari hizi tunajua kwamba hilo linaepukika.

Tuanze na mvua yenyewe. London na Dodoma hupata mvua inayokaribiana kwa mwaka, kama milimita 550 hadi 600. Tofauti iko kwenye mgao. Ya kwetu humwagika karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo: makorongo yanajaa, njia inakatika, na baada ya saa mbili jua limetoka. Ya London imegawiwa miezi yote kumi na miwili, kidogo kidogo, na Julai ina fungu lake kama Januari. Pepo za huko hutoka zaidi magharibi zikiwa na unyevu wa bahari ya Atlantiki. Zikigonga milima ya upande huo hupanda, hupoa na kumwaga maji. Ndiyo maana Manchester hupata mvua nyingi kuliko Cambridge, na kijiji cha Seathwaite, katika milima ya Cumbria, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Mwenye jamaa kaskazini magharibi ajiandae kuliko mwenye jamaa mashariki.

Joto la Julai la London halipishani sana na la Dodoma: mchana kama nyuzi 23, alfajiri kama 14. Kinachowasumbua wageni ni kwamba kule baridi hiyo huja na maji na upepo kwa pamoja. Na mwaka mwingine mambo hugeuka kabisa; tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3. Kwa hiyo usibebe koti moja zito la manyoya. Beba fulana, shati, sweta jembamba na koti la mvua, uvae na kuvua kadiri siku inavyokwenda.

Koti ndilo tunalolisisitiza kuliko vyote, na halihitaji fedha nyingi. Mitumbani yapo mazuri, ila lazima ujue kuchagua. Ligeuze ndani nje, uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono: kama umeanza kubanduka na kujikunja kama ganda la kitunguu, maji yatapitia hapo hapo, hasa mabegani. Kisha mwagia bega maji kidogo. Yakijikusanya kuwa matone na kuteleza, koti bado lina uhai. Kitambaa kikibadilika rangi na kuyanywa, liache. Liwe na kofia yake yenye kamba ya kukazia, na lishuke hadi chini ya makalio, maana koti fupi humwaga maji yote mapajani. Mwavuli ni msaada mdogo. Upepo wa mitaa ya mjini huupindua mara moja. Viatu viwe raba zenye soli nene, na katika mkoba wa kila siku iwemo soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Mguu uliolowa saa nne asubuhi huharibu siku nzima.

Akina mama, kitenge na kanga mbebe, lakini vya nyumbani na vya sherehe. Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Na kukausha nguo kule ni kazi ambayo mtu wa Dodoma hajawahi kuifikiria. Hapa ukianika kitenge saa nne, kabla ya adhuhuri unakikunja. Kule, siku ya mvua, nguo huanikwa ndani kwenye fremu ya kukunja, na huchukua siku moja hadi mbili kwa sababu katika miezi hiyo vyuma vya kupasha nyumba joto huwa vimezimwa. Unyevu wote unaotoka kwenye nguo hubaki chumbani, hutua kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati, na baada ya wiki mbili ukungu mweusi umeota. Mwenyeji atakaa kimya kwa heshima, lakini gharama ya kuusafisha ni yake. Kamueni nguo kwa mashine mara ya pili, zianikeni karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo, mlango wa chumba hicho ufungwe, na msifue nguo nyingi kwa siku moja.

Sasa mwenyeji. Mtoto au mdogo wako aliyeko kule ana haki ya likizo ya wiki 5.6 kwa mwaka, siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na mara nyingi sikukuu zimo humo humo. Huiomba mapema, na Julai na Agosti kila mzazi anaitaka, kwa kuwa shule za England hufungwa takribani wiki sita kuanzia mwishoni mwa Julai. Ukitangaza safari mwezi mmoja kabla, siku zimekwisha gawanywa. Mwambieni miezi minne au mitano kabla, na msimwombe likizo ya mfululizo. Inayofaa zaidi ni siku chache zilizotawanyika katika ziara nzima, ili akae nanyi siku za safari ndefu na za kuwatembelea ndugu, nanyi mbaki peke yenu siku zinazofaa makumbusho. Viza ya mgeni huombwa si zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu alama za vidole zichukuliwe.

Kupiga hodi bila taarifa, ambako kwetu ni ishara ya upendo, kule kunaumiza. Ndugu wengi hufanya kazi za zamu, na shangazi aliyetoka zamu ya usiku hulala saa tatu asubuhi. Ukimgongea saa tano umemwibia usingizi wote. Piga simu siku mbili kabla, ukubaliane naye saa ya kufika na saa ya kuondoka. Ziara za ndugu zipangeni kwa tarehe, maana hazidhuriwi na mvua. Matembezi ya wazi yaacheni bila tarehe, yafuate hali ya hewa.

Hapo ndipo utabiri unapohitaji kusomwa sawasawa. Utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, hutolewa kwa saa, na kila saa ina asilimia yake ya uwezekano wa mvua. Asilimia 60 kwa saa moja si sababu ya kukaa ndani. Angalia mfuatano: kama ni 80 au 90 tangu asubuhi hadi jioni, hiyo ni mvua ya kutwa, nenda penye paa. Kama inapanda na kushuka, ni manyunyu ya kupita. Jikinge dakika ishirini, uendelee. Manyunyu ya majira hayo, hasa nchi kavu mbali na pwani, huzidi alasiri, baada ya ardhi kupata joto na kupandisha mawingu. Basi kilicho wazi kiende asubuhi. Mwanga hauna shida: mwanzoni mwa Julai jua la London huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Waislamu wapange mapema, kwa sababu Magharibi huwa ni baada ya saa tatu na Isha huchelewa sana. Mzee wa kutoka Kondoa aliyezoea kulala saa tatu atahitaji kupumzika mchana.

Kwa siku ya mvua ya kutwa, makumbusho makubwa ya taifa jijini London hayana kiingilio kwa maonyesho ya kudumu: British Museum, Natural History Museum, Science Museum, National Gallery. Mjini York ipo National Railway Museum, makumbusho ya reli, nayo ni bure. Kosa la kawaida ni kufika saa tano, pamoja na kila familia iliyokimbia mvua ile ile, na kusimama foleni ya ukaguzi wa mifuko nje, mkilowa. Wekeni nafasi ya bure mtandaoni, mfike mlango unapofunguliwa, na masanduku ya magurudumu yabaki nyumbani.

Mahali tunapopapendekeza kwa kila Mtanzania ni Westminster Abbey, kanisa la kale jijini London, lilipo kaburi la David Livingstone. Alizikwa hapo tarehe 18 Aprili 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, safari iliyokatiza nchi yetu. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyechonga jina la marehemu kwenye mti kule alikofia, alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Mtoto wa Dodoma akisimama juu ya jiwe lile aelezwe majina hayo kwanza. Kiingilio cha watalii ni ghali, lakini ibada haina malipo, na Waanglikana wa Mvumi na Mpwapwa watajisikia nyumbani katika ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya. Wakati wa ibada hakuna kuzunguka wala kupiga picha, kwa hiyo anayetaka kuliona kaburi kwa nafasi alipe kiingilio.

Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale, ni kinyume chake. Mawe yako uwandani, kama kilomita mbili kutoka jengo la wageni. Mabasi yapo, ila ukifika kwenye mawe hakuna hata mti wa kujikinga. Tiketi ni ya saa maalumu. Ichukueni ya asubuhi, siku ambayo utabiri wa siku mbili kabla unaonyesha nafuu.

Usafiri una mitego michache. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Unagusisha kwenye mashine kadi ya benki au ya Oyster, ambayo ni kadi ya nauli ya London. Kila mtu mzima awe na kadi yake. Kwenye basi unagusa ukipanda tu, kwenye treni unagusa ukiingia na ukitoka, na ukisahau kugusa unapotoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima. Kwa safari ndefu za familia, kadi ya Family & Friends Railcard hupunguza theluthi moja ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya watoto, na mgeni anaruhusiwa kuinunua. Tiketi ya bei nafuu iliyokatwa mapema ni ya treni ile tu, ukiikosa, umeipoteza. Kwa vifaa vya umeme msinunue kiunganishi, plagi yao ni hii hii yetu ya miguu mitatu.

Zawadi pia ziangaliwe. Nyama ya kukausha na samli haziruhusiwi, hata zikiwa zimefungwa vizuri kiasi gani, na huchukuliwa uwanjani. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2.

Jambo la mwisho tunaliomba kwa msisitizo. Mgeni akipata homa katika wiki za mwanzo, wenyeji wengi husema ni baridi na mvua, wakampa chai na blanketi. Inaweza kuwa malaria aliyoondoka nayo nyumbani, na daktari wa kule hataiwazia asipoambiwa. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na sentensi yake ya kwanza iwe kwamba ametoka Tanzania, na ametoka lini.

Wasomaji wenu,
Kisasa, Dodoma