Kwa mwanangu aliyeko Iowa: radi za kiangazi na wiki inayokuja

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mwanza. Sisi hatujambo, na mama yako anakuagiza ule vizuri. Ulinieleza kwenye simu kwamba joto la huko linachosha kuliko la Dar es Salaam, na kwamba majirani wanaizungumzia wiki ijayo kwa sababu ya radi. Kwa kuwa maisha yangu ya kazi yameishia katika kusoma vipimajoto na kuchora ramani za mgandamizo wa hewa, nimefungua taarifa za watabiri wa Marekani na kuzisoma kama nilivyokuwa nikisoma zile za zamu.

Joto hilo unalolilalamikia ndilo chakula cha radi. Upepo wa kusini unachukua unyevu kutoka Ghuba ya Mexico na kuupeleka hadi nyanda za kati, na ukifika Iowa unakutana na mahindi, ambayo mwezi Julai yamekwisha kumzidi mtu kimo, yakinyonya maji ardhini na kuyatoa hewani kwa majani yake mchana kutwa. Ukisikia wenyeji wakisema mahindi yanatoka jasho, hawafanyi mzaha.

Sasa kuhusu wiki yenyewe. Ramani zinaonyesha mgandamizo mkubwa wa hewa uliotanda juu ya Kansas na Oklahoma. Chini yake hewa inashuka na kupata joto, mawingu hayapati nafasi ya kukua, na watu wa huko watakuwa na jua kali tu. Radi zinapita pembezoni mwake, zikitoka upande wa Montana na Dakota kuelekea kusini-mashariki, na Iowa imekaa hapo hapo pembezoni. Mgandamizo ukisogea kaskazini kidogo mtabaki na joto tupu. Ukirudi kusini, radi zinaweza kuwapitia usiku mbili tatu mfululizo. Hakuna mtabiri mkweli atakayekuambia leo ni lipi kati ya hayo mawili litakalotokea Alhamisi. Kituo cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, hupaka rangi ramani zake za siku ya nne hadi ya nane pale tu kinapoona uwezekano wa asilimia 15 au zaidi wa dhoruba kali kutokea ndani ya kilomita 40 kutoka mahali fulani, na kwa radi za kiangazi uhakika huo mara nyingi haupatikani mapema. Kwa hiyo eneo lenu kuachwa jeupe kusikufanye ulegee. Mwelekeo wa wiki unakuambia siku ipi uitazame tena ramani, basi.

Wewe umekulia kando ya Ziwa Victoria na unajua jinsi usiku nchi kavu inavyopoa upesi kuliko maji, pepo za pande zote zikakutana juu ya ziwa na kupanda, hata wavuvi wa dagaa wakanyeshewa kabla ya alfajiri huku sisi mjini tukiona mimweko tu isiyo na sauti. Huko nako wakati wa radi ni usiku, ila kwa sababu nyingine. Zinaanzia mchana karibu na milima ya Rockies, zinaungana njiani, na jua likizama upepo wa kusini unaovuma mita mia kadhaa juu ya ardhi unashika kasi na kuzilisha unyevu safari nzima. Za kwetu zimefungwa na ziwa, za huko ni wasafiri. Hapo pana jambo linalowachanganya wengi: siku ya watabiri hao inaanza saa sita mchana kwa saa za Greenwich, ambayo kwenu ni saa moja asubuhi, na kumalizikia saa hiyo hiyo kesho yake. Radi ya saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi utaikuta kwenye ramani ya Jumatano.

Tarehe 10 Agosti 2020 mstari wa radi ulioanza asubuhi upande wa South Dakota na Nebraska ulivuka Iowa yote na kufika Ohio, zaidi ya kilomita 1,200 kwa muda wa saa 14 hivi. Karibu na Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa, na mahindi yalilala chini shamba baada ya shamba. Siku moja kabla, mitambo ya utabiri haikuwa imeuonyesha vizuri.

Fahamu pia kwamba dhoruba huitwa kali kwa upepo wa kilomita 93 kwa saa, mawe ya barafu ya sentimita 2.5, au tonado, yaani nguzo ya upepo unaozunguka kwa nguvu hadi ardhini. Umeme wa radi wenyewe hauhesabiwi, ingawa ndio unaoua watu viwanjani. Ukisikia ngurumo, ingia ndani, na usitoke hadi nusu saa ipite tangu ile ya mwisho. Kukitolewa angalizo, maana yake mazingira ya dhoruba yapo. Kukitolewa onyo, dhoruba imekwisha kuonekana. Simu yako italia yenyewe kwa onyo la tonado, na tangu 2021 hata kwa dhoruba za radi zenye upepo wa kilomita 129 kwa saa, kwa hiyo usiizime usiku. Ving'ora vya mji vimewekwa kwa ajili ya walio nje, usivitegemee vikuamshe ukiwa umefunga madirisha na kiyoyozi kinanguruma.

Mwombe mwenye nyumba ufunguo wa chumba cha chini ya ardhi kabla ya Jumanne, ushuke ukione kilivyo mchana. Jumatano usiku, ukishaitazama ramani mpya, niandikie mlivyopangiwa. Saa nne usiku kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi hapa, nami nitakuwa nimekwisha kuamka.

Ni mimi,
Baba yako