Kabla hamjafungua mtaa mpya

Mwanangu Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi kusikia umo katika kundi ambalo usharika unalituma kufungua mtaa, yaani tawi jipya la usharika. Nina maneno machache kabla hamjapakia mabenchi.

La kwanza ni watu. Katika Matendo 13, kanisa la Antiokia lilimtoa Barnaba na Sauli, walimu wake wenyewe. Usharika unaotoa watu ambao hata wakiondoka hakuna pengo, mtaa wake huanza ukiwa mgonjwa. Kaya tano au sita zinatosha, watu wazima kama 15, mradi wawemo mwinjilisti, mwalimu wa watoto, mtu wa kuanzisha wimbo bila kinanda na mtunza hazina mwaminifu. Wote wahamie kweli, pamoja na bahasha zao za ahadi. Anayesali kwenu na bahasha yake ikabaki usharika mama, huyo ni mgeni.

Msikimbilie ibada ya Jumapili. Miezi mitatu ya mwanzo fanyeni jumuiya majumbani, na kabla ya kupanga siku ulizeni gulio ni lini. Jumuiya ikiangukia siku ya gulio haifiki mwezi, kisha watu husema wenyeji wana mioyo migumu, kumbe wako sokoni.

Sadaka ihesabiwe na watu wawili palepale, iandikwe kwenye daftari, watie sahihi kabla ya kuondoka. Mnada wa sadaka za mazao nao una hila yake. Mama ameleta mayai manne na kibaba cha maharage. Wageni kutoka mjini wakiyapandisha bei mpaka elfu kumi, watashangiliwa, lakini yule mama na majirani zake watakaa kimya, na Jumapili ijayo hawatanyoosha mkono. Waambie wageni wasubiri. Wenyeji wanunue kwanza, hata kwa bei ya sokoni, maana kanisa ni lao na wao ndio watakaolitunza.

Sasa kiwanja, na hapa nakusihi sana. Mtu akisema, "Chukueni, ni cha Mungu," mshukuruni, kisha andikeni haraka, mbele ya serikali ya kijiji. Karatasi ionyeshe vipimo kwa mita, majirani wa pande zote nne, sahihi ya mtoaji na ya mwenzi wake, na mashahidi, wakiwemo watoto wake wakubwa. Jina liwe la Bodi ya Wadhamini ya kanisa, lisiwe la mwinjilisti wala la mzee yeyote. Mtoaji akiwa hai hakuna ugomvi. Ugomvi huja baada ya matanga, warithi wanapogawana shamba na kukuta kanisa katikati yake. Msimwage hata tripu moja ya mchanga kabla karatasi haijakamilika. Turubai na miti ya mikaratusi vitawasitiri.

Mchungaji ana mitaa mingine, kwa hiyo ombeni tarehe za Meza ya Bwana za mwaka mzima mapema, ziandikwe kwenye kalenda ya usharika. Watoto watakaobatizwa, majina yao yapelekwe kwenye kitabu cha usharika wiki hiyohiyo. Yakikaa kwenye daftari la mtu hupotea, na siku ya kipaimara mtoto hana cheti.

Kitambaa cha madhabahu nitawashonea. Fundi akimaliza meza nitumie vipimo, urefu na upana, niongeze pindo.

Mama yako