Barua kwa mwanangu: Toa nguo zako sandukuni

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku tulipokuambia kwamba kazi iliyotuleta huku imeongezewa muda, na kwamba tutakaa hadi mwaka wa shule uishe, hukulia wala hukubisha. Uliuliza tu, "Sasa nitafute marafiki wa nini, na tutaondoka?" Ukaingia chumbani. Nimelala na swali lako na nimeamka nalo. Nakujibu kwa barua ili uisome ukiwa peke yako, na ukikasirika uiweke kando, uirudie ukiwa tayari.

Nimeliona sanduku lako. Tangu tufike liko wazi sakafuni: asubuhi unachomoa shati, likifuliwa unalirudisha humo humo, na kabati limebaki tupu. Sikukusema, maana nilijua ndiyo namna yako ya kungoja, na siku za mwanzo zilikuwa za kungoja kweli. Lakini muda umekuwa mrefu sasa, na inaniuma kukuona ukiupitisha kama abiria aliyekaa stendi, begi mapajani.

Wageni wengi wa mji huu hukaa wiki moja. Huona jua, mchanga na watu wasiokimbizana, wakaondoka wameridhika, na ni haki yao. Ila bahari haijionyeshi kwa wiki moja. Kwenye pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao umesogea katika safari yake ya kuizunguka dunia. Ndiyo maana ule mwamba ulioukalia mchana ukasoma, juma lililofuata saa ile ile hukuuona. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, likaja bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mzunguko wote huchukua siku 29 na nusu. Wa wiki moja huambulia robo yake. Wewe utauona ukijirudia hadi siku moja utatazama mwezi usiku na kujua kesho ufukwe utakuwaje, bila kumuuliza mtu.

Mchanga nao husafiri. Msimu wa mawimbi makubwa, fukwe nyingi huliwa; mchanga huvutwa ukalala chini ya maji, mawe yakatokeza, ukadhani pameharibika. Msimu wa utulivu ukirudi, mawimbi madogo huurejesha kidogo kidogo. Hilo huonwa na aliyekaa tu.

Umesema pia masomo ya kwenye kompyuta hayana maana hapa, hasa jiografia. Basi nikusimulie habari ya Tilly Smith, msichana wa Uingereza aliyekuwa na miaka 10. Tarehe 26 Desemba 2004 alikuwa na wazazi wake na mdogo wake katika ufukwe wa Mai Khao, Phuket, nchini Thailand. Aliona maji yanatoa povu na kuja mbele bila kurudi nyuma kama kawaida. Wiki mbili kabla yake mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha kuhusu tsunami. Akapiga kelele, akasisitiza, wazazi wakamsikiliza, walinzi wa hoteli wakaambiwa, na watu wapatao 100 wakaondoka ufukweni kabla wimbi halijafika. Sikutishi. Nataka ujue kwamba mtoto anayetazama bahari kwa makini, na akiona kitu kisicho cha kawaida akasema, anapaswa kusikilizwa. Ukiniambia maji yana jambo, nitaacha ninachofanya nikusikilize.

Na hapa niandike kwa urefu, maana ndilo linaloninyima usingizi: mkondo unaorudi baharini. Watoto wengi, na hata watu wazima, huogopa mahali mawimbi yanapovunjika na kutafuta palipotulia. Mara nyingi hapo palipotulia, kati ya mawimbi yanayovunjika huku na huku, penye rangi nzito kidogo, ndipo maji yanapotoka kwenda kilindini. Mkondo huo haukuzamishi, hukupeleka mbali. Wanaokufa, wengi ni wale walioshindana nao wakitaka kurudi moja kwa moja ufukweni, nguvu zikawaishia. Ukikukamata, elea kwanza upate pumzi. Inua mkono na uite. Ukiweza, ogelea sambamba na ufukwe mpaka usikie mvuto umeachia, ndipo uelekee nchi kavu kwa mshazari. Usiingie majini peke yako hata siku moja. Hili si ombi.

Lakini mimi nimekueleza mkondo kwa ujumla tu. Mahali mkondo ulipo katika ufukwe huu, na jinsi unavyohama mchanga ukihama, wanajua waliozaliwa hapa. Mtoto wa jirani anajua. Ndiye aliyekuja mlangoni kukuuliza kama unaweza kuelea chali, nawe ukamwambia una kazi ya shule.

Mfikirie kidogo. Katika mji kama huu, watoto wenyeji hupata rafiki mpya msimu ukianza na kumpoteza msimu ukiisha. Sisi tutaondoka na mengi ya kutushughulisha: safari, nyumba ya zamani, shule yako, rafiki zako wa kule. Yeye atabaki na njia ile ile ya kwenda ufukweni, na mlango wetu utakuwa umefungwa. Anajua hivyo kuliko wewe, maana yamemkuta mara nyingi. Na bado amekuja kubisha hodi. Swali uliloniuliza jana, nadhani yeye alikwisha jiuliza zamani, akapata jibu lake.

Kuna jingine ambalo umri wako sasa unaruhusu ulielewe. Familia kama yetu zimekuwa nyingi. Mwaka 2020 Barbados ilianzisha kibali cha kukaa miezi 12 kwa watu wanaofanya kazi zao kwa mbali, na nchi nyingine nyingi zina vibali vya namna hiyo. Wageni huleta fedha, lakini pia nyumba hupangishwa kwa anayelipa zaidi, na kijana aliyekulia karibu na bahari huishia kutafuta chumba mbali nayo. Huko Barcelona, mwaka 2024 meya alitangaza kwamba leseni za zaidi ya nyumba 10,000 zinazokodishwa kwa watalii hazitaongezewa muda zitakapokwisha 2028. Sisi si watu wabaya kwa kuwa hapa. Ila tunakaa katika nyumba ambayo mtu mwingine angeihitaji, na hilo linanifanya nitake tuwe majirani hasa: tuwajue watu kwa majina, tuulizie hali zao, tusilalamikie kelele za mashua alfajiri. Utulivu wa mji huu una watu wanaoushughulikia. Unapoamka, wavuvi wamekwisha rudi na waliofagia ufukwe wamekwisha maliza.

Sitakudanganya kwamba kuagana hakutauma. Kutauma, na huenda barua zenu zikakatika baada ya muda. Utakuwa umeogelea naye, na atakuwa amekufundisha anayoyajua. Kwangu mimi hayo yanatosha kabisa kuwa sababu.

Jumamosi ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, maji yatapwa mbali. Watoto wa jirani watakwenda kwenye miamba kutazama vidimbwi, na mama yao amesema nafasi yako ipo. Viatu vyenye soli ngumu ni lazima, na kiumbe chochote hai kirudishwe mahali kilipotolewa. Nami nitakuwepo, nikikaa mbali kiasi utakachotaka. Niambie Ijumaa kabla ya chakula cha jioni kama utakwenda, nimpe jirani jibu.

Nakupenda sana,
Mama yako